Kipago cha Saba

Ngazi ilimtupa baba mwezi wa saba, umande ungali barafu,
akipandisha bati la choo, Changarawe, Mafinga.
Vipago sita vilimbeba. Cha saba kikasema kacha!
bila kulia kwanza, kama mbao nzuri inavyolia.

"Mbao ni mbao," alisema siku aliyoinunua,
"vyote vya paini moja, gogo nimeliona kwa macho yangu."
Kweli. Gogo lilikuwa moja.

Nikakikata kipago kwa msumeno wa jirani, Kihwelo,
nikakipiga randa.
Kumbe ni moyo wenyewe wa mti, kitundu kama jicho la kuku,
na kuuzunguka, pete nne tu kwa upana wa vidole vitatu:
mti ulipokuwa mtoto, masika ya Sao Hill yakiunywesha,
ukikimbilia jua, hauna muda wa kujijenga.
Cha sita kilitoka ubavuni, karibu na gome.
Pete ishirini, zimebanana kama mistari ya daftari la madeni,
weupe wa mvua, kisha ukahawia wa kiangazi,
uzi mwembamba tu,
na uzi ule ndio uliombeba baba.

"Wewe ulirefuka mwaka mmoja," akaniambia.
Sikumjibu.

Nikajaza ndoo, nikatia vipande, sawa kwa rula.
Cha moyoni kikaelea kama bata, theluthi tu majini.
Cha ubavuni kikazama nusu na zaidi.
Mkaratusi wa uzio wa Mama Nyagawa
ukabakiza mgongo, kama kiboko.
Sekela akaleta mguu uliovunjika wa kigoda cha bibi,
mti wa Chunya, jina lake bibi alikufa nalo.
Ukaenda moja kwa moja chini, ukagonga: ngo.
Tukacheka. Baba, mkono umening'inia kwenye khanga ya mama,
hakucheka.
"Na cha kileleni?"
Hatukuwa nacho. Kilele huachwa shambani, kuni za watu.

Siku hizi akienda kwa Mgaya kununua mbao
huchukua mbili za urefu mmoja,
moja moja, kwa mkono wa kushoto, mzima,
hufumba macho, huinua.
"Mzee, unapima samaki?" Mgaya humtania.
Baba huirudisha ile, huinua nyingine.
Foleni nyuma yake inasubiri.