Elfu Nne Kabla ya Ijumaa

Simu iliita nikiwa nimevaa soksi moja.
Namba siijui. Sauti naijua:
ya Lucjan, imekwaruzika kidogo
kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
lakini ni yeye, bado analikata jina langu katikati,
"Bogu," kama enzi zile za kiwanda cha nyuzi
pale Bałuty, kaskazini mwa Łódź,
tulipokuwa na nywele, na uongo wa kutosha.

Miaka kumi na tisa.
Akauliza hali ya mama.
Nikamwambia mama alizikwa, mwaka wa sita huu.
Akanyamaza kwa adabu, pumzi tatu
(nilizihesabu naye),
kisha akaingia alikokuwa akielekea.

Zloti elfu nne. Kabla ya Ijumaa.
Dalali wa mahakama amebandika karatasi mlangoni,
mke yuko kwa dada yake huko Radom,
"na nisingekusumbua, Bogu, unanijua,
nisingekusumbua kama."
Sentensi akaiacha hapo, mlango wazi,
baridi yote ikaingia kwangu.

Elfu nne ninazo.
Tena kamili, kana kwamba alinichungulia.
Ziko benki, zina jina: meno.
Matatu ya chini, kushoto. Daktari Pawlak kanipangia Jumanne.
Mwaka wa pili huu nacheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja
kama bibi harusi, au kama mwizi.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.
Hawakusema dhiki ya nani itangulie.
Walisema pia kukopa harusi, kulipa matanga,
na matanga ya Lucjan najua yamekaliwa nyumba ngapi:
kwa Halina, kwa Ryszard wa ghala,
kwa yule mjane wa ghorofa ya nne
ambaye siku hizi akimpigia, simu inaita tu.

Uongo nilikuwa nimeuandaa. "Sina."
Herufi nne, unaenea mfukoni.
Ulimi ukaenda kuuchukua, ukapita kwenye pengo,
ukarudi na kitu kingine:
"Ninazo, Lucjan. Sikupi."

Tramu ilipita chini. Vikombe vikatetema kabatini.

"Elfu moja, basi."
Hapana.
"Mia tano."
Nikasema hapana.
"Mia mbili, Bogu, za umeme tu."
Mwenye duka hupunguza bei.
Huyu alikuwa akijipunguza mwenyewe,
kidato kwa kidato, nikimsikia,
na alipofika hamsini nikataka kupiga kelele: panda!
Omba elfu kumi, nikukatalie ukiwa mtu mzima!

Akasema asante.
Hilo sikulitarajia. Asante, akakata.

Sasa nizitaje glavu, maana nimezunguka weee mpaka hapa.
Januari ya themanini na saba, mabasi yameganda,
tulirudi kwa miguu kutoka zamu ya usiku, kilomita saba,
mimi na koti la kuazima.
Alivua zake, za ngozi ya kondoo,
akanivisha kidole kwa kidole kama mtoto,
mikono yake akaitia kwapani
na njia nzima akanisimulia habari za mbwa wa mjomba wake.
Kucha mbili zilimng'oka wiki ile.
Hakuwahi kunidai. Hata leo hakuzitaja.
Angezitaja, ningekataa kwa raha zaidi.

Fadhila za punda, mtasema. Semeni.
Nimekaa kitandani, mguu mmoja soksi, mmoja peku,
nagawa elfu nne kwa kucha mbili
na hesabu inagoma.

Jumanne nitakwenda kwa Pawlak.
Nitafumbua mdomo kadiri atakavyo.

Namba bado iko kwenye skrini.
Simu inauliza: hifadhi?
Nimebonyeza ndiyo. Pale pa kuandika jina
kishale kinameta, kinazimika, kinameta.