Biki

Wananiuliza: nani amekutuma?
Ni redio? Ni wale wa semina, wenye kofia nyeupe
na soda baada ya hotuba?
Hapana. Ni biki.
Biki ya buluu, kifuniko kimetafunwa,
niliinunua Kadutu kwa chenji ya sambaza.

Lakini ngoja, nianzie kwenye paji la uso.

Mama ana mfereji hapa, juu ya nyusi.
Kidole changu hulala ndani yake bila kuteleza.
Ni kamba iliyouchimba.
Kutoka Muhanzi, boti za Idjwi zinapofunga,
hadi sokoni, mlima wote ule,
unga wa muhogo kilo themanini mgongoni,
kamba kichwani, macho kwenye visigino vya aliyetangulia.
Mvua ya Bukavu haiulizi umebeba nini.
Tarehe nane Machi alibeba pia;
alivaa kitenge cha sherehe, akakipindua
ili maandishi yasichafuke.

Mfereji ule ulimlipia kaka yangu Akonkwa minervali.
Na mimi pia, nisiseme uongo,
ila yangu ililipwa ya mwisho,
nikiwa nimeshafukuzwa mara mbili.

Babu alipokufa aliacha parseli Cimpunda:
nyumba ya mbao, mparachichi mmoja,
na ukingo unaoliwa na mmomonyoko kila masika.
Jumapili baada ya misa wajomba walikaa.
Viti vilikuwa vinne. Mama alisimama mlangoni
na sahani ya mahindi ya kuchoma.
"Tuandike majina ya warithi," alisema mjomba Mushagalusha,
akapapasa mfuko wa koti, akapapasa wa pili.
Wanaume watatu, simu tano,
biki hakuna.

"Ansima, wewe ni mwanafunzi. Lete."

Niliishika. Nikahesabu majina waliyokuwa wameyataja:
Mushagalusha, Bisimwa, Cirhuza,
na yule wa Kolwezi mwenye kiti kitupu,
ambaye hata mazishini hakufika.
Nikasema, sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi mchanga,
"Nitaitoa. Ila la kwanza liwe la mama."

Kwanza walicheka.
Kisha mjomba Bisimwa, mpole kuliko wote,
yeye aliyenifundisha kuogelea,
akaniuliza kwa upole uleule:
"Mama Akonkwa? Kwani jina lake nani vile?"
Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesahau.
Dada yake, tumbo moja.
"Faida," nikasema. "Faida M'Cirimwami."
Likasikika geni mle ndani,
kama jina la mtu aliyepotea njia akabisha hodi.

"Nyamaza," akasema mama.
Si wao. Mama.

Wakamtuma mtoto dukani.
Zilikuwa zimebaki nyekundu tu.
Basi orodha ikaandikwa kwa wino wa mwalimu
anaposahihisha makosa: majina manne,
na mimi nimesimama na yangu mkononi,
imelowa jasho.

Sikushinda, basi. Msinipambe.
Ila tangu siku ile nasema:
darasani, bombani, kwenye kikundi cha vijana parokiani,
nasema vibaya, natetemeka, sentensi moja naianza mara tatu.
Kuna wasichana wanaonitikia kwa macho tu.
Kuna mvulana alinirushia ganda la ndizi.
Akonkwa siku hizi anaosha sahani,
ingawa hufunga mlango kwanza.

Nilidhani nimemuaibisha mama.
Usiku ule umeme ulikatika mapema,
tukalala kitanda kimoja, yeye uso ukutani.
Nilisikia mmomonyoko ukidondosha mawe, moja, moja.
Kimya kirefu, hata nikajua amelala.
Ndipo akasema, bila kugeuka:

"Ile biki yako.
Bado ina wino?"