Siku Hazigandi

Qaunaq anaigonga barafu kwa ncha ya chusa,
mara tatu, kama abishaye hodi
kwa jirani aliyehama usiku.

"Siku," ananiambia, akionyesha chini.
Kwa Kiinuktitut, barafu ya bahari ndiyo siku.
Mimi, mshika kinasa sauti, nikacheka peke yangu,
kicheko kikanikwama kooni.

Mwaka huu siku imechelewa.
Siku ni nyembamba, haimbebi hata mbwa.
Mpwawe alivuka Novemba kwa pikipiki ya theluji;
iliyorudi ni kofia.

Ng'ambo meli ya madini inapasua njia.
Ulaayuk, mwanawe, ameajiriwa humo:
mshahara mnono, buti mpya.
Akiwa likizo hula nyama ya sili kwa mama,
na hakuna anayeuliza
leo mmepita wapi.

Mwongozaji anataka abishe tena,
polepole, jua lingalipo.
Qaunaq anafuta chusa kwenye suruali.
"Imeshanisikia."

Njiani akaniuliza: na kwenu, neno hilo lipo?
Lipo, nikasema.
Husemwa haligandi?

Hapana, hakuuliza hivyo.
Aliuliza tu kama lipo.
Yaliyobaki
sikumwambia.