Ekzosi ya Zamani

Barabara ya Kumi na Nane, Ngamiani.
Nimetandika gunia uani, spana kinywani,
Boksa imekaa uchi mbele yangu.
Nimeifunga shokapu za gesi,
taa kali, kabureta ya kwa Shemndolwa
niliyoilipia hela ya kodi, Mungu anisitiri.
Mwisho ekzosi: fupi, inameta, ina ujeuri.

Kiki moja, kuku juu ya ukuta.
Mikanjuni kwenda na kurudi, mate hayajakauka.

Nikakuta komeo limetiwa.
Mama, mwenye mtoto wa jicho,
huinjika chai akisikia mlio wangu kona ya msikiti.
Leo jiko baridi.
"Nani wewe?"

Usiku, kwa tochi ya simu,
nikairudisha ile yenye kutu.
Shokapu nimeziacha.
Hazina sauti.