Zamu ya Omo

Usitoke kwenye taa ukaja moja kwa moja, alisema Azariah Troake,
akinivika koti lililonuka lami na samaki wa chumvi.
Simama nyuma ya winchi robo saa, ufumbe macho,
uyaache yasahau jiko, sigara na sura ya mpishi.
Huku mbele hatutaki macho yaliyoshiba mwanga.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa Twillingate,
ambako kila mwaka majabali ya barafu hupita mbele ya kanisa
kama wageni wasiobisha hodi.
Nilidhani nayajua.
Mchana kila mtu anayajua: meupe, yenye ufa wa buluu,
ndege wamejipanga kileleni.
Usiku hayana rangi. Usiku jabali ni kiza
kilichoketi juu ya kiza kingine.

Giza halitazamwi usoni, alisema Azariah.
Litazame kwa pembeni, kama unavyomtazama mtu anayekudai.
Usitafute kitu. Tafuta mahali kitu kilipotoweka.
Hesabu nyota za chini, zile zinazogusa maji;
ikikosekana moja, jiulize nani kaichukua.
Upepo ukivuma, shukuru: wimbi litapasukia barafuni
nawe utaona povu, jeupe kama meno.
Lakini bahari ikilala kama mafuta, hapo usipepese.
Na lile kubwa lisikutishe sana, kubwa hujitangaza.
Ogopa kipande, kiasi cha nyumba ya mama yako,
kilichonyolewa na mawimbi mpaka kikawa kinyonge,
kinaelea kimeinamisha kichwa.

Usiku wa tatu nikapiga kengele mara tatu.
Meli ikapinda, watu wakakurupuka vitandani,
na mbele yetu, polepole, bila haya,
ukachomoza mwezi.

Walicheka mpaka Fogo. Wakaniita Selby wa Mwezi.
Absalom Guy, mpishi, kila akinipakulia
aliuliza kama na jua nimeliona.
Nahodha hakucheka. Alinijia na kikombe mkononi,
akasema: nipigie miezi mia, kijana.
Mimi ni mvivu wa kuogelea.

Kisha ule usiku, kusini ya Mlango wa Belle Isle,
saa nane na dakika kumi, maji yamelala.
Sikuona kitu. Naapa, sikuona kitu.
Ila baridi ilinigusa shavu la kushoto peke yake,
kana kwamba mlango umefunguliwa
katika nyumba nisiyoiona,
na ile nyota ya chini niliyokwisha kuihesabu
haikuwapo.

Mkono ulikwenda kwenye kamba, ukarudi.
Tayari nilikisikia kicheko cha Absalom.
Mtu huipigiaje kengele nyota isiyokuwapo?
Sijui nilisimama muda gani. Pumzi nne. Labda sita.
Pumzi hizo sijamwambia mtu, hata Azariah hadi anazikwa,
nami sasa nina miaka sabini na moja.

Nikavuta.

Meli ililalia ubavu, ikaguna, ikageuka,
na kikapita kushoto kwetu, karibu kiasi cha kutupiwa kofia,
kijivu, kimelowa, kikichuruzika,
kikinguruma kwa ndani kama tumbo la ng'ombe.
Kisha kikawa nyuma. Kisha hakikuwa.

Kitabuni waliandika: Barafu ndogo, kushoto. Bahari shwari.

Asubuhi Absalom alipanda sitahani na sufuria tupu,
supu yote ya njegere imeishia sakafuni,
akitaka kumjua mpumbavu aliyesababisha.
Nikanyoosha mkono.
Akanitazama kwa pembeni, kwa muda,
akanipa tambara.