Karatasi ya Rondo

Ofisi ya ardhi, Lindi, droo ya chini kabisa:
karatasi ya Rondo, kingo zimeliwa na mende.
Naitandaza mezani, naibana kwa glasi na stepla.

Kontua zapanda kutoka Mnara, zimesongamana
kama mikunjo ya shingo ya mtu aliyenenepa,
futi mia, futi mia, hadi juu kwenye mivule,
halafu, kaskazini ya kijito, zinakatika.
Vistari vifupi. Maana yake: tumekisia.

Chinguile, baba wa mama yangu, ndiye aliyeshika ncha
ya mnyororo. Shilingi moja kwa siku, na chumvi.
Yeye mbele na panga, mpima nyuma na darubini,
na walipofika pale miti inapofungana ikawa giza
alijipiga kofi shavuni, akasema: Nyuki.
Kesho yake tena: Nyuki, bwana. Wakali hao.
Siku ya tatu alikuja jicho limevimba.
(Bibi alimgonga kwa mwiko. Aliombwa.)

Mpima akachoka, akakunja miguu ya darubini.

Ndani mle mna makaburi tisa yasiyo na mawe.
La tisa ni la mama yake Chinguile.

Sasa nimetumwa mimi, na kifaa cha setilaiti
kinachojua nilipo kuliko ninavyojua mwenyewe.
Ziba pengo, amesema mkuu, kabla ya Ijumaa.

Nimefika. Nimesimama palepale pa giza.
Kimya. Hata mbu hakuna.
Nimeilamba ncha ya penseli
nikaandika, kwa herufi ndogo za kiofisi:
nyuki.