Leseni Ina Mistari Ishirini na Moja

Leseni ina mistari ishirini na moja.
Niliiandika Hombolo, kwa mama, mavuno ya Machi,
vidole vikinata utamu wa zabibu,
kompyuta juu ya kreti lililopinduliwa.
Nilisema: chukua. Nakili. Geuza utakavyo.
Ukigeuza, rudisha ulichogeuza, wengine nao waone.
Na jina langu liache juu.
Basi. Sikuomba kingine.

Ulikuwa mchezo mdogo tu:
safu tisa za mizabibu, mkasi, kuzumburu wezi,
na wingu linalokuja kutoka upande wa Kongwa.
Uvune kabla mvua haijashuka.
Ukishindwa unaanza upya, bure, hata mara elfu,
kama mama alivyoanza upya mwaka ule wa ubwiri.

Chilewa ameugeuza.
Ofisi yake iko ghorofa ya pili, Barabara ya Iringa,
kiyoyozi, mtungi wa maji, vijana wanne wa mkataba.
Sasa mkasi unakuwa butu baada ya mashada sita.
Mkasi mpya, shilingi mia mbili.
Wingu huongeza mwendo likinusa salio.
Na kuna kreti (kreti langu!) limefunikwa, linatikisika,
ndani huenda mna shada la dhahabu,
huenda mna majani makavu.
Mia tano kulifunua.
Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.
Kwa Chilewa, mcheza kwao hutozwa.

Jina langu ameliacha juu, herufi kwa herufi:
Sechelela M. Ndahani, Hombolo.
Hajavunja mstari hata mmoja.

Jumamosi tulikutana Ng'ong'ona, chumbani kwa Mbijima,
watu watano na sahani moja ya karanga.
Mbijima akasema: ongeza mstari wa ishirini na mbili,
andika Marufuku Kumchuna Mtoto.
Lechipya akacheka, karanga mdomoni:
Nani atapima? Leo unamkataza mcheza kamari,
kesho mwanajeshi, kesho kutwa mwalimu usiyempenda,
mwishowe umeshika ufunguo, na wewe hukutaka mlango.
Akataja visima vya mchanga vya kwao Bahi:
mto ukikauka mtu huchimba, hunywa, huacha wazi;
anayefuata haulizwi anakwenda kunywesha nini.
Nikamuuliza: na akija na lori la matangi?
Lechipya akatafuna.
Upepo ulikuwa ukipiga bati, vumbi likaingia kwenye karanga,
tukaendelea kula.

Nyemo wa kaka yangu ana miaka kumi na moja.
Alitumwa unga kilo mbili, akarudi na kilo moja
na hadithi ya duka kuishiwa.
Wifi alipotaka kumpokonya simu,
mtoto akanikimbilia, akaniwekea kioo usoni:
Shangazi, tazama, umo!
Alikuwa anajivuna kwa ajili yangu.
Hilo ndilo sikuliandikia mstari.

Usiku wa leo Chilewa amerudisha alichogeuza,
kama leseni inavyodai.
Mkasi wa kulipia nimeuruka.
Makreti nimeyaruka.
Lakini chini kabisa, mistari mitatu:
hitilafu ya mvua.
Ile iliyonishinda mwezi mzima, matone yakikwama hewani
juu ya safu ya tano, kwenye simu za bei ndogo.
Ameitibu. Safi, bila mbwembwe,
na pembeni ameandika: Samahani kwa kuchelewa, dada.
Samahani ya mvua au ya nini, sijui.

Nimeijaribu. Inanyesha.
Inanyesha hadi safu ya tisa,
na kwenye simu ya Nyemo itanyesha vilevile,
kwenye mchezo wa bure na wa kulipia.

Nimebonyeza Kubali.
Kisha nikafunga kompyuta haraka,
kabla kioo hakijawa cheusi
kikanionesha nani alikuwa ameketi hapo.